Wamebeba bidhaa za mume wangu, na ukoo unataka kuuza kihamba kabla ya mnada

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Baba watoto ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Mbuyuni. TIN na leseni viko kwa jina lake. Mimi nashona nyuma ya duka hilohilo. Nina cherehani mbili na mashine moja ya kudarizi ambayo niliinunua kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Jumanne iliyopita walikuja maofisa wa kodi wanne, dalali na askari mmoja. Walikuwa na hati yenye jina la mume wangu: deni 38,600,000 la miaka 2021 hadi 2023, kati yake kodi yenyewe 27,000,000 na zilizobaki ni riba na adhabu. Wakahesabu na kupakia. Bati 214, saruji mifuko 90, ndoo za rangi 61, nondo na mabomba. Walichukua pia pikapu iliyokuwa imeegeshwa mlangoni, na mashine yangu ya kudarizi. Pikapu kadi yake iko kwa jina la shemeji yangu aliyeko Arusha. Kati ya zile bati, 60 ni za mwalimu mstaafu wa Uru. Alishalipa tangu Julai, risiti ya mashine anayo, alikuwa anasubiri fundi amalize kenchi ndipo azichukue. Sasa kila jioni anapita dukani kuuliza. Sina la kumjibu.

Orodha waliyotuachia imeandikwa tu "bati, saruji, rangi, nondo, mashine 1, gari 1". Kuna karatasi nyingine tofauti ya katoni 26 za vitasa vya milango ambavyo mume wangu alivinunua Taveta upande wa Kenya, vikapitia mpaka wa Holili bila nyaraka. Karatasi ya kwanza inasema tusipolipa ndani ya siku 10 vitu vitauzwa kwa mnada wa hadhara.

Mshauri, kinachoniuma zaidi ni kwamba alijua. Kwenye droo ya kaunta nimekuta makadirio ya kodi ya tangu Aprili, yamechapishwa na kukunjwa. Barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili wake ni ya kijana wa stationery aliyemsajilia TIN, yule kijana akamprintia na kumpa mkononi. Hakuniambia neno. Sasa yuko kwa mama yake Kibosho, nikimpigia anasema "niache nifikirie".

Kila mtu ana lake. Mama mkwe yuko tayari kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba mkwe kiuzwe, nusu eka, kuna mtu anatoa 30,000,000 taslimu. Mirathi haijawahi kufunguliwa. Shemeji wa Arusha amesema kihamba kikiuzwa tusimhesabu kama ndugu. Yeye anashauri tuache mnada upite, atatuma mtu anunue vitu kwa bei ya kutupa, turudishe dukani. Jirani yangu anasema vifaa vya kazi haviruhusiwi kukamatwa kisheria, na kwamba niandike barua kudai duka zima ni langu. Tena kuna mwanaume amekuja mara mbili, anasema nikimpa 3,000,000 mnada "utalala".

Mkononi nina 4,200,000 zangu za hisa za kikundi. Nyumba yetu ya Pasua iko kwa jina la mume. Naogopa wakimaliza duka wataigeukia nyumba. Je, nikubali kihamba kiuzwe? Niwape hizo hela zangu? Nimtetee mtu aliyenificha?

Mama K., Moshi

---

Marahaba Mama K., na pole sana. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu siku 10 hazingoji foleni.

Nimeisoma na kuirudia. Kwa nilivyokuelewa, uko kati ya mambo mawili: kihamba kiuzwe ili duka lirudi, au mnada upite na familia ibaki na ardhi. Na juu ya hayo kuna jeraha la kufichwa na mtu unayelala naye nyumba moja. Ila kuna maswali matatu ambayo kwenye barua yako hayajaguswa, nayo huja kabla ya yote mawili: vitu vilivyobebwa ni vya nani, deni lenyewe ni sahihi kiasi gani, na karatasi zinasemaje.

Nianze na karatasi. Mamlaka ya kodi inapata nguvu ya kukamata na kuuza mali ya mdaiwa katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sura 438. Kwa bidhaa za dukani nguvu hiyo haisubiri amri ya hakimu, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba walikosea kwa kuwa hawakutoka mahakamani. Mipaka ipo pengine. Kinachouzwa ni mali ya mdaiwa, si ya aliyekutwa jirani naye. Taarifa ya mauzo lazima itaje ni mali gani, kwamba zinakusudiwa kuuzwa, kwa njia ipi na lini. Mauzo ni ya hadhara. Fedha inayopatikana hulipa kwanza gharama za kukamata, kutunza na kuuza, kisha kodi na riba, na ikizidi hurudishwa kwa mwenye mali. Ikipungua, mume wako anabaki anadaiwa tofauti.

Ile karatasi ya vitasa ni habari nyingine kabisa, usiichanganye na hii. Inatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na saa yake ni tofauti. Anayedai bidhaa iliyokamatwa kiforodha anatakiwa kuandika dai lake kwa Kamishna ndani ya mwezi mmoja tangu kukamatwa au tangu kupewa taarifa. Mwezi ukipita kimya, bidhaa inahesabiwa imetaifishwa, na hata ukilipa deni lote la kodi vitasa havirudi. Niseme wazi kwamba hoja yenu hapo ni dhaifu. Kununua Taveta hakufanyi kitu kuwa cha Afrika Mashariki. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa shehena isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha na zenye cheti cha uasilia. Vitasa vilivyotengenezwa China havimo hata vikiuzwa hatua chache kutoka mpakani. Kinachowezekana ni kuomba yamalizwe kwa Kamishna kwa kulipa ushuru na faini. Pigeni hesabu kwanza kama katoni 26 zinastahili gharama hiyo.

Turudi kwenye duka. Wewe umeyaweka pikapu, bati za mwalimu na mashine yako katika kapu moja la "vitu visivyo vya mume wangu". Yatenganishe. Kila kimoja kinadaiwa na mwenyewe, kwa barua yake, na ushahidi wake ni tofauti.

Pikapu: barua aandike shemeji, si wewe. Aambatanishe nakala ya kadi, kitambulisho chake na bima, na aeleze gari lilifikaje dukani. Lakini nikuulize kwa upole, kwa sababu umeandika tu kwamba kadi iko kwa jina lake: je, gari ni la shemeji kweli, au ni jina tu? Magari mengi mjini hapa yanatembea na kadi za watu waliokwisha kuyauza. Ofisa atauliza nani alilipa, nani anaweka mafuta, nani analipa bima. Kama ni lake, barua yake ina nguvu. Kama mume wako alilinunua na hamkubadilisha kadi, shemeji akiandika vinginevyo anajiingiza kwenye kosa la kutoa taarifa za uongo, na hilo ni lake binafsi.

Bati za mwalimu ndizo zenye mtego ambao watu wengi hawauoni. Risiti ya mashine ya Julai inathibitisha kwamba alilipa. Haithibitishi kwamba bati fulani zilikwisha kuwa zake. Katika sheria ya uuzaji wa bidhaa, kitu ambacho bado hakijatengwa kutoka kwenye rundo hakijahamia kwa mnunuzi. Kwa hiyo jiulize: bati 60 ziliwekwa pembeni, zikaandikwa jina lake kwa chaki au peni ya rangi? Au zilikuwa katika rundo la 214 na mlikuwa mmekubaliana tu kwamba siku akija atahesabiwa? Zilizotengwa, mwalimu anaweza kuzidai kama mali yake, na picha yoyote ya stoo iliyobaki kwenye simu ya mtu isifutwe. Kama hazikutengwa, inawezekana yeye ni mdai wa mume wako kama wadai wengine, na mume wako anadaiwa naye bati 60 hata mnada ukipita. Mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka. Mzee wa watu anapita kila jioni kwa sababu hakuna aliyempa jibu. Mwalimu aandike barua yake sasa, aambatanishe nakala ya risiti, abaki na halisi.

Mashine ya kudarizi ni yako wewe kuidai. Hoja ya jirani yako kwamba vifaa vya kazi havikamatwi ina chanzo chake: Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura 33, inakataza kukamata nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi wakati wa kutekeleza hukumu ya mahakama. Lakini hapa hakuna hukumu ya mahakama, kwa hiyo usiifanye ndiyo nguzo ya barua yako. Nguzo yako ni kwamba mashine si ya mdaiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanzia kwenye dhana kwamba mali iliyopatikana kwa jina la mwanandoa mmoja ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tafuta risiti ya mashine yenye jina lako. Mwombe katibu wa kikundi nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha tarehe na kusudi la mkopo, pamoja na saini. Toa taarifa ya miamala ya simu ya mwezi ule. Namba ya mashine, ile iliyogongwa kwenye kibati cha chini, iandike ndani ya barua, kwa sababu orodha waliyowaachia inasema "mashine 1" tu, na "mashine 1" inaweza kuwa hata ya kukatia bati.

Hapo ndipo penye ubaya wa orodha hiyo. Bati bila geji na urefu, saruji bila tarehe, nondo bila milimita wala idadi. Siku ya kurudisha au ya kuhesabu mauzo hakuna atakayejua kama bati zilizouzwa ni za geji 28 au 32, na bei zake hazifanani. Ombeni kwa barua kuhesabu upya kwa pamoja ghalani, na kila upande usaini. Kama mume wako anasaini, aandike kwamba anathibitisha idadi tu, hakubali deni. Na isemeni saruji kwa jina. Mfuko uliokaa mwezi kwenye sakafu ya zege bila mbao chini yake huanza kuganda pembeni, na ulioganda hauna bei. Ombeni iwekwe juu ya mbao mbali na ukuta, au, mkishindwa kuelewana, ishughulikiwe mapema kuliko bati. Gharama ya ghala inawaangukia ninyi, kila siku, kwa hiyo kuchelewa si bure.

Barua ya kudai duka zima ni lako, hapana, hiyo naomba uifikirie mara mbili. TIN, leseni na risiti vyote vina jina la mume. Dai la uongo juu ya bidhaa zote litamfanya ofisa asiamini dai la kweli juu ya mashine moja, na kutoa maelezo ya uongo kwa mamlaka ya kodi ni kosa.

Sasa deni. 27,000,000 za kodi zimetoka wapi? Ni makadirio ya Kamishna, na makadirio ya namna hii mara nyingi huanzia kwenye fedha zilizoingia benki na kwenye simu, zikachukuliwa kuwa ni mauzo. Chukueni taarifa za benki za miaka mitatu, mchore safu tatu: iliyoingia kutokana na mauzo, iliyoingia kwa sababu nyingine, na isiyojulikana. Mkopo wa benki, fedha ya kikundi iliyopitia kwake, hela ya shemeji ya kununulia kitu, hamisho la kutoka simu kwenda benki lililohesabiwa mara mbili, hizo si mauzo. Pembeni wekeni ripoti za mashine ya risiti na ankara za manunuzi, maana mauzo ya vifaa vya ujenzi yana faida nyembamba, na asiyeonyesha manunuzi anakadiriwa kana kwamba bidhaa alipewa bure.

Pingamizi dhidi ya makadirio lina siku 30 tangu kupokelewa, na ili lipokelewe mtu hulipa kwanza kile asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa. Kwenu theluthi ni 9,000,000, isipokuwa Kamishna Mkuu akubali pungufu kwa sababu nzuri. Zile siku zimepita tangu Mei. Inawezekana kuomba kuongezewa muda kwa sababu kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi. Hapa ile barua pepe ya stationery inavutia, lakini haikai vizuri. Karatasi ilikutwa kwenye droo yake, na yule kijana anajua alimpa lini. Kama kuna sababu nyingine ya kweli, iandikwe. Hii ya "sikupata taarifa" isiandikwe. Badilisheni barua pepe hiyo wiki hii, tafadhali, kwa sababu barua zote zijazo zitaangukia humo humo.

Makadirio yakionekana sahihi, au muda ukikataliwa, kunabaki kuomba kulipa kwa awamu na mnada usitishwe. Ombi linalosikilizwa lina kiasi cha kuanzia kinacholipwa siku hiyo, tarehe na kiasi cha kila mwezi, na maelezo ya fedha itatoka wapi wakati stoo imefungwa. Mnaweza kuomba sehemu ya bidhaa irudishwe iuzwe dukani kwa bei ya kawaida, na mauzo yapelekwe kwenye deni. Hasara ya awamu ni kwamba riba haisimami. Inahesabiwa kila mwezi juu ya riba iliyotangulia. Na awamu moja ikiruka, mnarudi pale pale, safari hii mkiwa na sifa mbaya.

Mpango wa shemeji wa kununua mnadani uupige hesabu kabla ya kuupenda. Tuseme bidhaa zenye thamani ya 22,000,000 dukani zimeuzwa 12,000,000 na gharama ni 1,500,000. Deni linapungua 10,500,000 tu, na zinabaki 28,100,000 zinazoendelea kuzaa riba. Shemeji atakuwa ametoa 12,000,000 taslimu. Bidhaa zikirudi kwenye duka lile lile kwa jina lile lile, ni mali ya mdaiwa tena, na zinaweza kubebwa tena. Isitoshe mnada ni wa hadhara, mawakala wa vifaa wa Arusha na Bomang'ombe nao wanasoma matangazo.

Kihamba. Najua kwenye Kilimanjaro neno hili si kiwanja tu, kuna migomba na kuna makaburi. Nitasema la kisheria, la ukoo mtalizungumza wenyewe. Baba mkwe amefariki na mirathi haijafunguliwa. Maana yake hakuna mtu leo, si mama mkwe wala mume wako, mwenye mamlaka ya kusaini mauzo. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uteuzi una taratibu za kutangaza na kusikiliza wanaopinga. Shemeji wa Arusha atapinga, amekwisha kusema. Haliwezi kuisha ndani ya siku 10. Mnunuzi mwenye 30,000,000 taslimu anayekubali kusaini bila msimamizi ama hajui, ama anajua na anategemea mgogoro ushushe bei. Mauzo ya ardhi nayo yana kodi yake, 10% ya faida kwa mkazi. Upande wa pili, usiogope kwamba kihamba kitachukuliwa kwa deni hili: si mali ya mdaiwa, ni ya marehemu mpaka igawanywe. Ila mkiigawa, fungu litakaloandikwa jina la mume wako litakuwa mali yake kama mali nyingine.

Kwa nyumba ya Pasua, woga wako una msingi lakini safari ni ndefu kuliko ya bati. Ardhi yenye hati hushikwa kwa kusajili mzigo, yaani dai la deni juu ya ardhi, kwa Msajili wa Hati. Kuuza ardhi kwa mnada kunatawaliwa pia na Sheria ya Madalali, Sura 227: tangazo la wazi lisilopungua siku 14, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, likitaja jina na makazi ya mwenye mali, na litolewe pia kwa njia ambayo asiyejua kusoma ataielewa. Mnada wa nyumba uliobandikwa karatasi moja ya Kiingereza siku nne kabla una kasoro inayoonekana. Wewe, kama mke, una maslahi katika nyumba ya ndoa yanayotambuliwa na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, na unaweza kuyalinda kwa kusajili zuio. Zuio halifuti kodi. Linahakikisha huzungukwi, hata na mume mwenyewe akitaka kuuza kimyakimya.

Yule bwana wa 3,000,000 hana mnada wa kulaza. Malipo ya kodi yanaingia kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na yanatoa risiti. Nje ya hapo umetoa rushwa na deni liko vilevile. TAKUKURU wanapatikana kwa 113. Wapo pia watakaokukumbusha kwamba Rais Samia alisema mwaka 2021 hataki kodi ya dhuluma. Alisema, na ilisaidia kubadilisha lugha maofisini, lakini huwezi kuiambatisha kwenye barua kama kielelezo.

Barua zenu zisipojibiwa, au utaratibu ukivunjwa, kuna Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Hiyo inashughulikia mwenendo na utaratibu, haibadilishi kiasi cha kodi. Uamuzi wa mwisho wa Kamishna Mkuu unakatiwa rufaa Bodi ya Rufani za Kodi, ambayo huketi pia Arusha: kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mtu asikupeleke mahakama ya wilaya kufungua kesi ya kodi. Itaondolewa kwa kukosa mamlaka, na siku zenu zitakuwa zimekwisha.

Umeniuliza kama utoe zile 4,200,000. Kisheria deni si lako, hakuna anayeweza kukulazimisha. Ukizitoa ziwe malipo ya kwanza ya awamu, zinaweza kununua muda na kurudisha sehemu ya stoo. Ukizitunza, watoto wana ada na wewe una pa kuanzia hata duka likifa. Ukiamua kuzitoa, zitoe baada ya kuona barua ya kukubaliwa awamu, si kabla, na mwandikiane na mume wako kwamba ni mkopo.

Na yeye. Umeuliza kama umtetee. Labda huhitaji kujibu hilo wiki hii. Maofisa hawatakupa taarifa za mlipakodi mwingine, hata ukiwa mke, mpaka awepo au akupe idhini ya maandishi. Kwa hiyo kumhitaji si sawa na kumsamehe. Mtu anayekunja karatasi ya deni na kuifungia droo mara nyingi ana aibu kuliko ubaya, lakini simjui, wewe unamjua. Unaweza kupanda Kibosho na karatasi mkononi badala ya kumpigia, umwombe jambo dogo: asaini idhini, aje siku ya kuhesabu mali. Unaweza pia kumtuma mama mkwe, kwa hatari kwamba mazungumzo yatageuka ya kihamba. Au atafutwe mshauri wa kodi aliyesajiliwa aongee naye kwanza, wanaume wengine humsikia mgeni. La kufichwa mtalikalia baadaye, mkiwa na nafasi, na una haki ya kulikalia kwa hasira.

Kesho, kama unaweza, peleka barua ya mashine yako na ya mwalimu kwa pamoja, kila moja nakala mbili, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ya shemeji aitume Arusha au aje nayo mwenyewe, lakini naye adai muhuri. Majibu yakifika, andika juu ya bahasha siku uliyoipokea, maana siku za rufaa huhesabiwa kuanzia hapo. Ukiniandikia tena, nitajie tarehe hiyo.